Kikofia cha Plagi ya Tatu

Jumapili, 9 Machi

Mvua imeanza jana jioni, na leo kutwa sijauona mlima. Siku kama hizi Mikaeli alikuwa anasema Uluguru umejifunika shuka, basi na sisi tuingie ndani. Sasa naingia peke yangu.

Nimetoa daftari langu la zamani la maandalio, fizikia kidato cha tatu, ambalo nusu ya kurasa zake bado nyeupe. Nimeanza kuandika kwa sababu jana nilijikuta namjibu mtangazaji wa redio, tena kwa ukali, nikimwambia anasema uongo kuhusu bei ya mbolea. Mwalimu mstaafu mzima! Afadhali nibishane na karatasi.

Mume wangu Mikaeli alifariki Novemba. Hatukujaliwa mtoto. Nimebaki na nyumba hii ya Bigwa, kuku sita, na Pijo 404 ya mwaka sitini na nane iliyopo bandani. Na hilo Pijo lenyewe si langu. Kwa Waluguru mali ya mjomba humfuata mpwa, na Mikaeli mwenyewe alinitamkia akiwa kitandani kwamba gari ni la Evance, mtoto wa dada yake, muuza matunda wa Mkuyuni. Mimi ni mtu wa Njombe, kwetu mambo hayaendi hivyo, lakini siku ya kumaliza matanga nilisema mbele ya wakwe wote kuwa sitapinga. Evance akasema atalifuata masika yakiisha, tope likikauka. Halafu akatoa futi kamba mfukoni akaanza kulipima gari, urefu, upana, watu bado wako mkekani. Futi kamba, jamani. Nikasema moyoni, huyu anapima chuma chakavu.

Jumanne, 11 Machi

Mvua. Kuku wawili wametaga chini ya gari.

Jumamosi, 15 Machi

Nimefanya jambo la kijinga na sina wa kumwambia, kwa hiyo naliandika.

Kila Jumamosi saa nne Mikaeli alikuwa analiwasha Pijo, haendi popote, analiacha lingurume robo saa huku anakunywa chai. Na masika yakiingia alikuwa analinywesha: anatoa plagi zote nne, anamimina kijiko cha mafuta ya injini kwenye kila tundu ili kutu isikamate ndani. Miaka ishirini na saba nimemwona akifanya hivyo. Leo nikasema, mimi nimefundisha watoto wa watu injini inavyofanya kazi, nitashindwa nini?

Nikatoa plagi. Zimezama ndani kama kwenye visima virefu, lakini nikazitoa. Nikamimina mafuta. Wakati wa kurudisha, nikaona plagi ya tatu kikofia chake cha juu kimelegea, kile kidude cha shaba kinachoshika waya, hakizidi punje ya hindi. Nikataka kukikaza pale pale, nimeinama juu ya injini, vidole vinateleza mafuta. Kikaniponyoka. Nilikisikia kikigonga ukuta wa kisima mara mbili, kisha kimya. Kimetumbukia ndani ya silinda.

Mikaeli alikuwa anaziba matundu yote kwa matambara kabla hajagusa kitu kidogo. Mimi nilikuwa namcheka, namwambia anaifunga injini nepi.

Sasa gari hili haliwezi kuwashwa. Likiwashwa, pistoni itapanda kwa kasi na kukiponda kikofia kwenye valvu, na injini itakuwa imekwisha. Na gari lenyewe ni la mtu.

Jumapili, 16 Machi

Kanisani sikuenda. Nimemulika tundu kwa tochi hadi shingo ikauma. Giza tupu na mafuta.

Jumanne, 18 Machi

Nimefunga sumaku ya maabara kwenye kijiti nikavua nayo tunduni mara hamsini. Haikushika kitu. Ya hamsini na moja nikakumbuka kwamba sumaku haivuti shaba. Nimefundisha hilo somo kila mwaka kwa miaka thelathini na moja, na nimempiga mtoto wa watu kwa kulisahau. Popote alipo, anisamehe.

Jumamosi, 22 Machi

Nimekwenda kwa fundi Stambuli, kule karibu na stendi, nikajifanya namuulizia mtu. Nikasema kuna jamaa yangu kadondosha kitu kidogo kwenye silinda ya gari la zamani. Stambuli akaniangalia kwa juu ya miwani, akasema jamaa yako asiliwashe, na kama hakitoki kwa juu basi ifunguliwe silinda hedi, mfuniko wa juu wa injini. Ila bolti za gari la umri huo, akasema, zikikatika ndani ya bloku, na gasketi haipatikani mji huu, jamaa yako atabaki na banda la kuku. Nikamshukuru kwa niaba ya jamaa yangu.

Jumamosi, 29 Machi

Saa nne. Hakuna mngurumo. Nimekunywa chai nimesimama.

Alhamisi, 3 Aprili

Siku ya tano mvua haijakata. Nilikuwa naosha sufuria moja, sahani moja, kijiko kimoja, na wazo likanijia wazi kabisa, nami naliandika lilivyokuja. Mwache achukue. Mpe funguo, mwambie safari njema, mwache awashe. Injini ikifa, wakwe watasema ni uzee wa gari. Litarudishwa hapa kwa kuvutwa kamba, au litabaki hapa hapa bandani, na mimi nitakuwa na kitu cha Mikaeli mpaka nife.

Nimejiogopa. Lakini sijalifukuza lile wazo, nimeliacha lilale ndani.

Jumamosi, 12 Aprili

Naandika haya kabla hata sijaosha vikombe.

Jana usiku Evance alipiga simu kwamba anakuja leo kuliwasha gari kidogo, kwa kuwa limelala muda mrefu. Nilikuwa na usiku kucha wa kumwambia. Nikajiambia betri imekufa, haitawaka. Saa tatu asubuhi akaingia na bodaboda kwenye mvua, ameipakata betri miguuni, ameivulia koti lake kuifunika, mwenyewe kalowa chapachapa. Akanipa shikamoo. Ana miaka thelathini na kitu, mikono mikubwa, sauti ndogo. Mimi ni mkaza mjomba wake lakini ananiita Mwalimu, kama mtaa mzima.

Akafunga betri. Plagi zote zimo mahali pake, hata ya tatu niliirudisha bila kikofia nikaibana waya juu yake, na mtu asiyejua asingeona kitu. Akakaa kwenye usukani. Mimi nimesimama mlangoni mwa banda na mwavuli. Nilikuwa na muda wote wa kusema na sikusema. Nilimwangalia akishika ufunguo, nikaona shingo yake kwa nyuma, ni shingo ya Mikaeli ile, na bado sikusema. Halafu akainamisha kichwa, akasema taratibu, "Haya mjomba, tusaidie."

"Usiwashe!"

Nilipiga kelele mpaka kuku wakaruka. Nikamweleza yote, mafuta, kikofia, sumaku, Stambuli. Lile wazo la Aprili tatu sikumweleza. Yeye akatoa ufunguo, akatoka nje ya gari polepole, akakaa kwenye ndoo.

"Ungeniambia lini, Mwalimu?"

Nikamwambia chai iko tayari. Akanywa vikombe viwili, akala na mihogo, hakunung'unika. Akasema Jumamosi atakuja tujaribu wote.

Jumamosi, 19 Aprili

Mkesha wa Pasaka. Evance amekuja na hendeli ya kuzungushia injini, kaiazima kwa mzee mmoja wa Mlali. Tumetoa plagi, nikatumbukiza ufito mwembamba kwenye tundu la tatu, yeye mbele akazungusha taratibu sana, mimi nasema endelea, endelea, simama, mpaka pistoni ikapanda karibu na juu. Sasa kikofia hakiko mbali. Kwa kuwa injini ya gari hili imelala ubavu, lazima kimeteremka upande wa chini. Nilimchorea kwenye daftari hili, ukurasa wa nyuma. Akauliza swali zuri. Nilikuwa sijaulizwa swali zuri siku nyingi.

Kwa bomba la sindano na mpira wa dripu tumenyonya mafuta meusi vijiko viwili. Kikofia hapana.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Nimepika wali nazi kwa mazoea, kipimo cha watu wawili. Nimekula mchana na usiku.

Jumamosi, 26 Aprili

Leo nilikuwa na akili nyingi. Kama sumaku haiwezi, basi gundi, na gundi ya bure ni utomvu wa fenesi. Evance akaleta fenesi zima begani. Nikazungusha utomvu kwenye ncha ya spoki ya baiskeli, ukashika vizuri, nikaugusisha kwenye kidole ukakataa kutoka. Tukavua saa nzima. Spoki inagusa kitu, tunasikia kabisa, tik, tukivuta inakuja tupu.

Evance akaanza kucheka. Alicheka hadi akaegemea boneti. Akaniuliza mtu akitaka kumenya fenesi anajipaka nini mikononi. Nikasema mafuta. Akauliza kwa nini. Nikasema ili utomvu usishike. Mtoto wa miaka mitano Mkuyuni anajua hilo, na mimi nimeimwagia silinda mafuta kwa mkono wangu halafu nakuja na utomvu.

Nimecheka na mimi. Mbavu zinauma kwa sababu zilikuwa zimesahau. Tumekubaliana tutapangusa kwanza kwa tambara lenye petroli, pole pole, mpaka pakauke. Fenesi tumelila.

Jumatano, 30 Aprili

Mvua. Mlima upo, kisha haupo.

Jumamosi, 3 Mei

Tumepangusa tu leo. Tambara jembamba kwenye waya, petroli, tambara, petroli. Kazi ya kuchosha, na mtu akiwa kwenye kazi ya kuchosha huongea. Kaniambia Mikaeli alimfundisha kuendesha kwenye gari hili, barabara ya Mlali, akiwa na miaka kumi na tano, na kwamba aligonga mbuzi na mjomba akasema ni yeye aliyekuwa anaendesha. Habari hiyo mume wangu hakuwahi kunipa. Miaka yote hiyo nilidhani aliyegonga mbuzi ni Mikaeli, nikamsimanga mpaka mwisho.

Nikaona bora niulize na mimi. Nikamuuliza ile futi kamba siku ya matanga ilikuwa ya nini. Akaona haya. Alikuwa anapima ili ajenge banda la bati kwake, gari lisije likanyeshewa hata siku moja, kwa sababu mjomba hakuwahi kulilaza nje. Banda limekwisha tangu Januari.

Nimeingia jikoni nikajifanya natafuta sukari.

Jumamosi, 10 Mei

Hakuja. Udongo umeshuka barabarani, alipiga simu asubuhi kusema magari hayapiti. Nikamwambia hakuna shida, kwani nina kazi zangu nyingi. Kazi zipi? Nimepanga mitungi, nimeipangua. Saa kumi nilikuwa bado nimevaa gauni zuri. Nimejikasirikia mno, mwanamke wa miaka sitini na mbili anamvalia gauni kijana anayekuja kuchokonoa injini.

Jumamosi, 17 Mei

Kaja. Tumepangusa. Utomvu mara mbili, bado. Kaniachia mwingine kwenye jani la mgomba.

Jumatano, 21 Mei

Kimetoka.

Mvua ilikata mchana, jua likapiga mpaka ndani ya banda. Nilikwenda tu kupangusa, basi nikasema nijaribu mara moja. Nilikunja ncha ya spoki kidogo, nikaweka utomvu, nikashuka nayo ukutani upande wa chini, nikabonyeza, nikahesabu mpaka mia moja. Nilipovuta nikahisi uzito. Sikupumua. Kikaja juu, kimekaa kwenye utomvu, kidogo, cheusi, hakina hata mkwaruzo.

Nikapiga kelele ya furaha. Nikageuka kumwambia mtu.

Nikakaa kwenye ndoo. Nilikuwa na simu mfukoni, namba yake iko ya kwanza. Nikawaza: nikipiga, kesho atakuja, ataliwasha, ataondoka nalo. Keshokutwa nitakuwa nafua shuka moja. Nimekifunga kwenye leso na nimekiweka chini ya mto. Naandika hapa kwamba mimi ni mwongo, ili lisije likasemwa na mwingine.

Jumamosi, 24 Mei

Evance alivua saa mbili ndani ya silinda isiyo na kitu. Kila akihisi spoki imegusa ananiangalia kwa matumaini. Mimi nikamwambia jaribu kushoto. Nimesema hivyo kwa mdomo wangu, jaribu kushoto. Mchana nilipika kuku, yule mwekundu. Akasema hajala kuku mtamu hivi tangu mjomba afe. Ilikuwa siku nzuri na nimeona aibu kila dakika yake.

Jumamosi, 31 Mei

Masika yamekwisha, anga limeoshwa, mlima unaonekana mpaka mashamba ya juu. Evance akasema hatuwezi kuvua maisha yetu yote. Amezungumza na fundi Stambuli, anakuja Jumatatu kufungua silinda hedi. Nikamwambia bolti zitakatika. Akasema anajua, amekubali, hana njia nyingine.

Jumapili, 1 Juni

Nimeshika simu mara nne.

Jumatatu, 2 Juni

Stambuli alifika na Evance saa mbili. Aliponiona na kuliona gari, akauliza kama huyu ndiye yule jamaa yangu. Evance hakuelewa. Wakaweka gunia chini, wakapanga spana. Nikasimama mlangoni nilipokuwa nimesimama na mwavuli ile Aprili, nikijiambia sasa, sasa hivi.

Bolti ya kwanza ilimwagiwa mafuta. Stambuli akaiwekea spana ndefu, akaegemea. Haikwenda. Akaomba kipande cha bomba kuongeza urefu, akaegemea tena, na chuma kikalia. Evance aligeuza uso, hakutaka kuona. Mkono wake ulikuwa juu ya boneti, ameishika kama mtu anavyomshika mgonjwa anapodungwa sindano. Pale nikashindwa.

Nikasema, fundi, acha. Nikaingia ndani, nikarudi na leso, nikaifungua juu ya tairi la akiba. Stambuli alikitazama kikofia, akanitazama mimi, akaanza kukusanya spana zake moja moja bila kuulizwa. Fundi alikuwa amekwishafika barabarani ndipo Evance aliposema.

"Tangu lini?"

"Jumatano ya wiki ya juzi."

"Kwa hiyo Jumamosi ile nachokonoa, unaniangalia."

"Ndiyo."

"Kwa nini, Mwalimu?"

Nikamwambia ukweli. "Kingetoka, usingekuja tena."

Alikuwa anapangusa mikono, akaendelea kupangusa muda mrefu, kidole kimoja kimoja. Sikuona hasira usoni mwake, afadhali ningeiona.

"Mimi nilikuwa nakuja kwa ajili ya gari," akasema. "Hujawahi kuniita kwa jambo lingine."

Akakaza kikofia kwenye plagi, mbali na injini, matundu yote manne kayaziba kwa matambara. Akarudisha kila kitu. Mara ya tatu likawaka. Banda zima likajaa ule mngurumo, na mimi nililia waziwazi, sikujificha. Aliliacha lingurume robo saa. Chai sikumpa, nilisahau, au niliona sina uso wa kumpa. Akaniaga kwa adabu zote, akatoka nalo getini taratibu, akakunja njia ya Mkuyuni.

Nililisikia mpaka lilipopita daraja.

Jumanne, 3 Juni

Jua.

Alhamisi, 5 Juni

Nimesoma daftari hili tangu mwanzo. Nimetafuta siku ambayo nilimwambia mtu yeyote, kwa maneno, kwamba niko peke yangu. Haipo. Wakati wa matanga wakwe waliniuliza kama ninahitaji mtu wa kukaa naye, nikawajibu mimi si mgonjwa. Nilimwambia Evance hakuna shida, nina kazi zangu nyingi. Hata paroko nilimwambia niko salama salimini. Halafu nikaficha kipande cha shaba chini ya mto ili kifanye kazi ambayo mdomo wangu umeikataa.

Jumamosi, 7 Juni

Saa nne ilipita. Saa sita ikapita. Saa kumi na moja jioni nikachukua simu. Ilivyoanza kuita nilitaka kukata, nikaishika kwa mikono miwili.

Akapokea. Nyuma yake kulikuwa na kelele za soko, watu wanapakia. Akanipa shikamoo, akauliza kama kuna kifaa cha gari kimebaki. Nikasema hakuna. Akasubiri. Nilikuwa nimeandaa sababu tatu, ufunguo wa akiba, hendeli ya yule mzee, karatasi za gari. Sikutumia hata moja.

"Evance, nyumba imekuwa kimya. Nakuomba uje tu. Niko peke yangu, na siwezi."

Nikasikia akimwambia mtu aache kwanza kupakia. Kisha akasema kesho anapeleka machungwa Gairo kwa Pijo, na njia ni hii hii ya mbele ya nyumba, atapita saa kumi na mbili asubuhi twende wote.

Nikamwambia asijisumbue, gari litakuwa limejaa machungwa, nitakaa wapi.

"Nimejaza nyuma tu," akasema. "Kiti cha mbele sijaweka kitu, mama."